Mtu Haambiwi Njiani

Mtu wa milima ya Ileje akikupigia simu akasema, "Njoo nyumbani, hakuna tatizo lolote," wewe anza kutafuta kitenge cha msiba. Ndivyo tulivyo huku. Habari ya kifo hatumpi mtu akiwa sokoni wala akiwa kazini, na aliye safarini ndiyo kabisa haambiwi. Akianguka nani atamshika? Aletwe kwanza nyumbani, akalishwe mkekani, apewe chakula, na tumbo likishapata kitu ndipo mdogo wake au shangazi yake amsogelee na kumwambia. Wanaouita huu ustaarabu wana sababu zao. Tumpe Kibona naye ana sababu zake za kuukataa, na alizipata zote kwa siku moja, tena siku aliyoamka akiwa na furaha kuliko alivyowahi kuwa kwa miaka mingi.

Tunduma wanamwita Mama Goodness, kwa jina la binti yake wa pekee anayesoma chuo Iringa. Ana kibanda cha chakula kando ya barabara kuu, pale malori yanapopanga foleni yakisubiri kuvuka kwenda Zambia. Anapika wali, maharage na samaki wa Rukwa, na kwa madereva wa ng'ambo anasonga nshima nyeupe, laini kidogo kuliko ugali wetu, maana ndivyo wanavyoitaka. "Mulishani mukwai," huwasalimia kabla hawajakaa. Dereva aliyelala siku kadhaa kwenye foleni akisikia lugha ya kwao, hata nyama ikiwa ngumu anaila na kushukuru. Mume wa Tumpe naye alikuwa dereva. Alivuka mpaka siku moja na mzigo wa saruji, akapata familia nyingine huko Kopabelti kwenye migodi ya Zambia, hakurudi. Tumpe alilia msimu mmoja, kisha akanunua sufuria kubwa zaidi. Huyo ndiye yeye.

Kwenye utalii aliingizwa na kijana anayeitwa Felix, aliyekuwa akila pale kibandani. Felix alisomea mambo hayo chuoni, akarudi mjini akakuta wageni wanapita Tunduma kama maji kwenye mfereji, wanagongewa mihuri kwenye pasi zao na kwenda. Akaanza kukusanya wajitolea, watu wa kawaida wenye moyo na ulimi mwepesi, wafundishwe kuwapokea wageni na kuwatembeza. Tumpe alimwambia, "Mwanangu, mimi nimelisha watu wa nchi ngapi sijui, na wote wameondoka hawajaona chochote hapa zaidi ya choo cha stendi. Niandike." Wakawa wanakutana Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa, fundi cherehani, mwalimu mstaafu, vijana wa bodaboda, na Dina muuza vitenge ambaye meza yake iko jirani na kibanda cha Tumpe. Mwisho wa mafunzo ikapangwa ziara ya siku moja, ili wajitolea wenyewe wavione vivutio kabla ya kuvisimulia kwa wengine. Asubuhi waende Mbozi kwenye Kimondo, mchana wageuze kwenda Ileje. Na kila mmoja aliombwa ataje mahali pa kwao panapofaa kuonyeshwa.

Tumpe akataja mwamba ulioko kwenye shamba la baba yake, kule Mbebe. Ukisimama juu yake hewa ikiwa safi, unaiona Malawi yote imelala ng'ambo ya Mto Songwe, mashamba na mabati ya watu yakimetameta. Felix alipenda wazo hilo mara moja. Hakujua kwamba aliyelitoa alikuwa hajakanyaga shamba hilo kwa miaka sita.

Sababu ilikuwa msiba wa mama. Mama yake Tumpe alipofariki, yeye alikuwa Kasama, ng'ambo Zambia, amepeleka mchele. Mdogo wake Lusubilo alimtumia ujumbe: mama anaumwa kidogo, ukipata nafasi njoo. Kidogo! Tumpe akajiambia kidogo inaweza kungoja, akamaliza kuuza mchele wake, akanunua na sukari ya kumpelekea mgonjwa. Alipofika Mbebe alikuta udongo wa kaburi umeshaanza kukauka. Baba yake, Mzee Asajile, alikuwa amekaa na wazee wenzake, akasema pasipo kumtazama, "Watu wa mbali wote wamefika. Binti yangu alikuwa anauza mchele." Tumpe angeweza kuutoa ule ujumbe akausoma mbele ya watu. Lakini aliyeuandika alikuwa mdogo wake, ameinamisha kichwa pale pembeni, na alikuwa amefanya vile alivyofundishwa na baba huyohuyo. Akanyamaza. Tangu hapo mzee hakumpigia simu, na Tumpe akipiga, simu ilikuwa inapokelewa na watoto wa Lusubilo. Babu yuko shambani. Babu amelala.

Kwa hiyo alipomwomba Lusubilo amuulize mzee kama wajitolea wanaweza kuja kuuona mwamba, aliuliza kwa woga. Jioni simu yake iliita, na sauti aliyoisikia ilimfanya akae chini juu ya gunia la mkaa.

"Tumpe."

"Baba. Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hao wageni wako ni wangapi?"

"Tunajaa Kosta, baba."

"Basi msichelewe. Jioni kunashuka ukungu, hawataona kitu." Kisha akaongeza, "Mahindi mabichi yapo. Utawachomea mwenyewe, mke wa mdogo wako anayaunguza."

Ni hayo tu. Tumpe alimsimulia kila mtu. Aliyekunywa chai pale kibandani wiki ile, awe Mtanzania au Mzambia, aliondoka anajua kwamba mzee wa Mbebe ana mahindi mabichi na kwamba mke wa Lusubilo anayaunguza.

Siku moja kabla ya ziara, Mzee Asajile alichukua fyekeo akaenda kusafisha njia ya kwenda kwenye mwamba. Lusubilo alimwambia, "Baba, vijana watafanya." Mzee akasema vijana wataacha visiki, wageni wa Tumpe watajikwaa. Alifyeka mpaka jua likapungua nguvu. Aliporudi alisema kifua kinabana, akaomba maji ya moto, akajilaza. Maji yalipoletwa alikuwa ameshaondoka.

Watu wakakusanyika usiku uleule. Wakapigiwa simu ndugu wa Itumba, wa Vwawa, wa Mbeya. Tumpe hakupigiwa. Wazee walisema, kwa nini tumuue mwanamke wa watu kwa presha usiku, naye kesho anakuja mwenyewe? Mazishi yatakuwa alasiri, gari lake litafika mchana, atakuta baba yake bado yuko ndani, ataaga kama mtoto anavyotakiwa kuaga. Lilikuwa jambo la busara, na kila aliyekuwepo alilikubali. Lusubilo akatafuta namba ya Felix, waliyokuwa wamepeana kwa ajili ya maandalizi, na alfajiri akampigia. "Njooni kama mlivyopanga," alimwambia. "Ila dada asijue kitu akiwa njiani. Nakuomba sana, kaka. Asijue."

Felix akamwambia Dina, kwa kuwa Dina ndiye rafiki wa Tumpe. Dina akamwambia fundi cherehani ili amsaidie kumwangalia. Kufikia wakati Wiliam, dereva wa Kosta, anawasha injini, gari zima lilikuwa linajua, kasoro mtu mmoja.

Mtu huyo alipanda wa mwisho, amevaa fulana ya njano ya kikundi iliyoandikwa KARIBU kifuani, kichwani kitenge kipya. "Mbona mmenuna?" akauliza. "Mnaenda kutembea au mnaenda mahakamani?" Watu wakacheka, wakacheka zaidi ya ilivyohitajika. Mwalimu mstaafu, ambaye tangu mafunzo yaanze hakuwahi kumwachia mtu kiti cha mbele, aliinuka akampisha. Tumpe alishangaa, kisha akajijibu mwenyewe kwamba leo yeye ndiye mwenyeji, basi wanamheshimu.

Hawajafika mbali Dina akamwomba simu. "Yangu haina chaji, nataka kupiga picha." Tumpe akampa bila kufikiri. Dina akaizima na kuitia kwenye mkoba wake, chini kabisa, maana aliogopa jirani yeyote asije akatuma pole.

Kuna njia panda pale Mpemba. Ukishika kulia unaelekea Ileje, lami safi hadi Isongole. Ukinyoosha unakwenda Vwawa na Mbozi. Wiliam alipofika pale alipunguza mwendo, akamtazama Felix kwenye kioo. Wote walikuwa wanawaza jambo moja, kwamba wakikata kona hapo watafika Mbebe asubuhi. Felix alikuwa kijana mwema, na jasho lilikuwa linamtoka. Lakini Tumpe aliijua ratiba kichwani kama Baba Yetu. Wakikata kona atauliza, Kimondo vipi? Atajibiwa nini?

"Nyoosha," akasema Felix.

Hapo ndipo walipokosea, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Niseme ukweli, inaniudhi hadi leo. Angekuwepo mtu mmoja mkali, mmoja tu asiye na huruma, mambo yangekwenda vingine.

Kwenye Kimondo walizunguka kile chuma kikubwa kilichoanguka kutoka juu, wakakigusa, wakapiga picha. Kila mjitolea alitakiwa kujaribu kusimulia kama vile anaongoza wageni. Felix alitaka kuliruka zoezi hilo ili waondoke haraka, lakini Tumpe akapinga. "Mwanangu, nimekesha nikikariri, leo unaniruka?" Akasimama, akakohoa, akaanza. Alieleza uzito wake na umri wake, akasema wazee wa zamani walikipa heshima, wakaona ni kitu cha kuogopwa, sio cha kukalia kama wanavyofanya vijana wa siku hizi, na hapo akamtazama kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa amekaa juu yake, naye akashuka haraka. Walimpigia makofi marefu. Baadhi yao walikuwa wanalia, na Tumpe akadhani amesimulia vizuri kuliko alivyojua.

"Kumbe naweza," alimwambia Dina, akimshika mkono. "Nitakwenda kumsimulia baba hivihivi. Atasema nimekuwa muongo, lakini atacheka."

Dina alisema jua ni kali, akavaa miwani.

Wakati wa kurudi, walipofika Mlowo, Tumpe akagonga bati la gari. "Wiliam, simama. Siendi kwa baba mikono mitupu." Felix akasema wanachelewa. Tumpe akamgeukia, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ikawa nzito. "Felix, mwanangu. Miaka sita sijaingia kwenye nyumba ile. Unataka niingie nimebeba mkoba tu?" Nani angembishia? Angembishia kwa maneno gani?

Akashuka kwenye mitumba. Watu wa Ileje wanajua baridi ya kwao, naye alitaka koti, la sufu, lenye mifuko ya ndani kwa ajili ya ugoro. Alipitia meza moja, akapitia ya pili. Akamwita Wiliam ashuke kwa sababu mabega yake na ya mzee yanalingana. Wiliam akasimama katikati ya soko, mikono ameinyoosha, akivishwa na kuvuliwa makoti ya marehemu huku akitazama juu ili machozi yasidondoke. "Simama wima, baba hajapinda," Tumpe alimwambia. Kulikuwa na la kahawia na la bluu iliyoiva. La kahawia linaficha vumbi, la bluu ni la kwendea kanisani. Akashindwa kuamua. Akamwuliza Dina. Dina akasema lolote. Akamwuliza mwalimu mstaafu. Akarudi kwenye la kahawia. Ndani ya gari watu walikuwa wameweka mikono kichwani, na mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Ileje. Mwisho akachukua la bluu, akaomba likunjwe vizuri.

Njia yote ya kupanda Ileje alikuwa anaongea. Aliwaonyesha shule aliyosoma, aliwaonyesha korongo walilokuwa wanavuka wakienda kusaga, akawafundisha wimbo wa Kindali wa kupalilia na kuwalazimisha waitikie. Waliitikia. Mvua ilianza walipoiacha lami, kwanza manyunyu, kisha ya kumwagika. Barabara ya udongo ikawa utelezi, na kwenye mteremko mmoja Kosta ikaserereka ikaingiza gurudumu kwenye mtaro. Vijana wakashuka kusukuma. Walisukuma kwa hasira, wakiteleza na kuanguka, na fulana zao za njano zikawa nyekundu kwa matope. Tumpe aliwaambia kutoka dirishani wasijiumize, baba atawasubiri, hana pa kwenda.

Gari halikutoka. Wakaamua kwenda kwa miguu, maana haikuwa mbali. Mvua ikapungua. Tumpe alitangulia, koti ameliweka kwenye mfuko wa nailoni na kulishika kifuani.

Kwenye kona ya mwisho walikutana na watu wanashuka. Walikuwa wengi, wanaume wamebeba majembe na sepetu begani, wanawake wamefunga vitenge viunoni, miguu yote ina udongo mwekundu. Walipomwona walisogea pembeni ya njia, wakasimama, wakainamisha vichwa. Tumpe aliwajua. Huyu alisoma naye, huyu alikuwa mzee wa kanisa lao.

"Mnatoka kumzika nani?" aliuliza.

Mzee wa kanisa akasogea, akavua kofia. "Fikeni kwanza nyumbani, binti yangu."

Tumpe akageuka akawatazama wenzake. Aliwatazama mmoja mmoja, Felix, Wiliam, mwalimu, fundi, akaishia kwa Dina. Wote walikuwa wanatazama chini kama wale wengine. Hapo akajua. Akaanza kukimbia, mwanamke mnene wa miaka hamsini kasoro, akiteleza na kuinuka, na wao wakamkimbilia nyuma.

Kaburi lilikuwa karibu na la mama yake. Kijana mmoja alikuwa bado anapigapiga udongo kwa sepetu ili usichukuliwe na maji, na alipomwona alisimama akaiangusha. Tumpe hakupiga kelele. Alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya udongo kama mtu anayepima kama mtoto ana homa. Waliovaa fulana za njano zilizoandikwa KARIBU walisimama nyuma yake, wakiona aibu hata kuzificha.

Lusubilo alikuja mbio kutoka nyumbani, amelowa. "Dada, tulikusubiri. Mungu ananiona, tulikusubiri. Kaburi lilianza kuingia maji, kuta zikawa zinabomoka, wazee wakasema tukingoja tutamlaza baba kwenye bwawa. Nikapanda juu kutafuta mtandao. Felix hapatikani. Nikakupigia wewe, dada, nikasema liwalo na liwe, nitamwambia. Simu yako imezimwa."

Tumpe alimgeukia Dina. "Mlijua tangu lini?"

"Asubuhi," Dina alisema. "Tunduma."

"Kwa hiyo pale Mpemba mlikuwa mnajua."

"Tulikuwa tunajua."

"Na Mlowo."

Dina alikuwa analia kwa sauti sasa, ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Mkaniacha nichague rangi," Tumpe alisema. Sauti yake haikuwa kubwa. "Mimi niliwachelewesha mwenyewe, kwa miguu yangu. Nilimsimamisha dereva. Mmenifanya nimcheleweshe baba yangu mwenyewe, mara ya pili, halafu mnaniambia mlinihurumia. Huruma gani hii, Dina? Ungenipiga kofi njia panda ile ningekushukuru mpaka kufa."

Alikuwa na hasira, na ilikuwa haki yake. Wala hasira hiyo haikuwa na pa kwenda, kwa sababu kila mmoja pale alimpenda. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Angekuwa na adui mmoja wa kumlaumu angepumzika kidogo.

Wanawake wakaja kumchukua. Walimfunika kitenge juu ya ile fulana, wakamwingiza ndani, wakamkalisha mkekani. Sebule ilinuka moshi na nguo zilizolowa. Kisha, na wewe msomaji unaweza usiamini, wakamletea maji ya kunawa na sahani ya ugali na maharage. Maana kwa desturi alikuwa bado hajaambiwa. Alikuwa ameliona kaburi, ameligusa, ameongea juu yake, lakini hakuna kinywa kilichokuwa kimetamka, na hakingetamka kabla hajala.

"Kula kidogo, mwanangu," shangazi yake alisema.

"Shangazi, nimetoka kaburini sasa hivi."

"Najua. Kula."

Akanawa. Akakata tonge, akalimeza, machozi yakimwingia mdomoni. Alikata la pili. Wakati huo hakutaka kitu kingine duniani isipokuwa mtu amwambie, aseme kwa maneno, na kama njia ya kusikia ilikuwa ni kumaliza sahani angeimaliza na kuilamba. Lusubilo akasogea akapiga magoti mbele yake. Alianza mbali, kwamba baba jana aliamka vizuri, kwamba alikunywa uji. Tumpe akamtazama tu. Lusubilo akaacha.

"Dada, baba amekufa," akasema.

"Nimesikia," Tumpe alijibu, na ndipo alipolia kilio ambacho vijana waliokuwa wamerudi mtaroni kusukuma Kosta walikisikia.

Kilipotulia giza lilikuwa halijaingia bado. Wanawake walikuwa wanampepea. Akainua kichwa ghafla kama mtu aliyekumbuka sufuria motoni.

"Goodness je?"

Mke wa Lusubilo ndiye aliyejibu. "Yuko njiani, wifi. Alipanda basi asubuhi Iringa. Tulimwambia babu anaumwa, aje amwone."

"Anajua nini?"

"Hajui. Atafika kesho asubuhi, tutampokea vizuri."

Tumpe alinyoosha mkono kwa Dina aliyekuwa amejikunyata mlangoni. "Nipe simu yangu."

Shangazi akaelewa kabla ya wengine. "Tumpe, usifanye hivyo. Mtoto yuko peke yake kwenye gari. Mtu haambiwi njiani."

"Nipe simu, Dina."

Dina akatoa simu kutoka chini ya mkoba, akaiwasha, akampa. Tumpe akatoka nayo nje. Mtandao haukuwepo uani, akaenda mpaka pale ambapo njia iliyofyekwa upya inaanza kupanda, mistari miwili ya mtandao ikatokea. Wazee waliokuwa wakiota moto walimtazama, mmoja akasema huyu mwanamke wa mjini amechanganyikiwa, akamwambia Lusubilo amzuie. Lusubilo alisimama, akapiga hatua, kisha akabaki palepale.

"Mama!" Sauti ya Goodness ilikuja pamoja na ngurumo ya basi na muziki. "Mbona hupatikani? Tumetoka Mbeya sasa hivi. Babu anaendeleaje?"

Tumpe alifumba macho. Alijua sasa kwa nini watu hawasemi, maana alitamani sana kumwambia anaendelea vizuri, njoo mwanangu, usiwe na wasiwasi. Kungekuwa kwepesi kiasi gani. Mtoto angesinzia mpaka Tunduma kichwa kikiwa dirishani.

"Goodness, kaa chini."

"Nimekaa, mama."

"Babu amefariki. Jana. Tumeshamzika, mwanangu, hutamkuta." Akavuta pumzi. "Na mimi sikumkuta."

Ikaja kelele iliyomfanya aiondoe simu sikioni na kuirudisha haraka. Muziki ndani ya basi ukazimwa. Alisikia watu wanauliza kuna nini, alisikia mwanaume anamwambia dereva asimamishe, na sauti ya mwanamke asiyemjua ikisema, "Pole, mdogo wangu, pole, njoo kwangu huku." Mtoto alikuwa analia kati ya watu baki, kwenye barabara ya lami, mbali na mkeka na mbali na mama yake, kama wazee walivyokuwa wamesema. Tumpe hakujua kama amefanya vizuri. Alijua tu kwamba binti yake hatachagua kitu chochote sokoni akiwa njiani.

"Lia," alimwambia. "Lia tu, mama yako yuko hapa, sikati."

Akakaa kwenye nyasi zilizolowa, simu sikioni, wakalia wote wawili mpaka basi lilipofika mahali pasipo na mtandao.